Songa Moja Mbele

Kabla hujaniita mwoga, simama kwanza chini ya bamba la zege linaloning'inia kwenye minyororo, halafu tuzungumze. Miaka yote niliyofanya kazi ya kutoa ishara sikuwahi kuliogopa. Nililiheshimu, hilo nakubali, kama mtu anavyomheshimu mkwe. Nilikuwa nasimama ukingoni mwa jengo, kofia ngumu kichwani, mikono yangu ikisema, na kule juu kwenye kibanda cha winchi mdogo wangu akiisoma na kufanya inavyosema. Mkono ukisema panda, mzigo unapanda. Ukisema simama, unasimama. Hofu niliyo nayo leo niliipata mwaka huu, na aliyeniletea hakuja na rungu wala panga. Alikuja na karatasi.

Mdogo wangu pale kazini wanamwita Mwewe, kwa kuwa anashinda juu na haoni haya kuwatemea watu maganda ya karanga. Lakini hakupanda kule kwa kupenda sifa. Alianza kazi stoo ya saruji, na kifua chake kina pumu tangu utotoni. Vumbi la saruji lilimfanya akohoe mpaka macho yakawa mekundu na mama akawa analala ameegemea mlango wake asikie kama bado anavuta pumzi. Msimamizi alipomwona vile akampeleka kujifunza winchi, na kule juu, penye hewa safi, kikohozi kikaisha. Ndiyo maana nyumbani kwetu kile kiti cha kibandani tunakiita dawa. Watu wengine wana vidonge, sisi tuna kiti.

Basi wenye kampuni wapya wakatangaza kwamba madereva wote wa mitambo watafanya mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri. Atakayefaulu abaki na mtambo wake, atakayefeli ashuke akabebe saruji. Msimamizi, mtu mpole lakini mwenye kupenda amri kutoka juu, aligawa karatasi za mfano akasema, "Msiwe na wasiwasi, ni mafumbo tu."

Mafumbo tu. Nilimwona Mwewe akiipokea ile karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya mfu. Mwewe haogopi kupanda ngazi ndefu upepo ukivuma, ila mtihani humtoa roho. Shuleni alikuwa akitapika kila asubuhi ya mtihani, na ule wa mwisho hakuufanya kabisa, tulimkuta amejificha chini ya kitanda cha mama, yeye mtu mzima na ndevu zinaanza.

Jioni tukakaa mezani, mimi, yeye na mama. Nikasoma swali la kwanza. "Ikiwa neno KIKO huandikwa LJLP, neno MOTO litaandikwaje?"

"Litaandikwa vibaya," akasema Mwewe.

"Acha mzaha. Kila herufi imesogea moja mbele. K inakuwa L, I inakuwa J. Sasa M inakuwa nini?"

Alinitazama, na nikaona midomo yake imekauka. Alikuwa anajua kabisa herufi inayofuata M, mtoto wa chekechea anaijua, lakini woga ulikuwa umeshamkaba. Nikajaribu jingine. "Ikiwa jiwe linaitwa maji, maji yanaitwa moto, na moto unaitwa ndege, samaki anaishi wapi?"

"Majini, dada."

"Maji hapa yanaitwa moto. Kwa hiyo anaishi kwenye moto."

"Basi ameshaiva huyo," akasema, na mama akacheka, naye akacheka, halafu akaenda uani kutapika.

Nilikasirika usiku ule wote. Nilimkasirikia aliyetunga maswali, ambaye nina hakika hajawahi kuinua hata ndoo, na ambaye sasa alikuwa anataka kumtoa mdogo wangu kwenye hewa na kumrudisha kwenye vumbi kwa sababu ya samaki. Hasira zangu zina faida moja, hunipa akili. Kesho yake nikamwambia, "Achana na herufi. Tutatumia mikono."

Ishara zetu za winchi ni nyingi, lakini kubwa ni tano. Kidole juu na kuzungusha mkono, maana yake pandisha. Kidole chini na kuzungusha, shusha. Mkono wa kushoto kunyooshwa, peleka kushoto. Mkono wa kulia, peleka kulia. Mikono yote miwili kutandazwa kama mtu anayezuia mlango, simama. Mwewe anazijua hizo kuliko jina lake. Nikamwambia, "Sasa zisogeze moja mbele. Nikikuonyesha pandisha, wewe unashusha. Nikikuonyesha shusha, unapeleka kushoto. Kushoto, unapeleka kulia. Kulia, unasimama. Na nikikuonyesha simama, unarudi mwanzo, unapandisha."

Alikaa juu ya ngazi za nyumba na kamba yenye birika mwishoni, mimi nikasimama chini uani. Mwanzoni alikosea, birika likagonga ukuta na mama akalalamikia birika lake. Kufika jioni alikuwa ameshaushika mchezo. Siku iliyofuata hakukosea hata mara moja. Kisha tukarudi kwenye herufi, na ajabu, herufi nazo zikamtii. "MOTO," nikasema. Akatazama mikono yake akasema, "NPUP." Hakuwa ameshika hata kalamu. Nilimkumbatia. Sijui kama nimewahi kumwona mdogo wangu akifurahia kitu cha shuleni namna ile, na sitaki kujifanya kwamba sikufurahi na mimi.

Tukacheza kila jioni. Alidai tucheze hata wakati wa kula. Nikinyoosha mkono wa kulia kuomba chumvi, anaganda kama sanamu na kijiko hewani, kwa kuwa kulia maana yake simama. Mama akawa anatutazama bila kucheka tena.

Siku moja jua lilikuwa linampiga mama usoni. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikamwonyesha Mwewe kwa kidole ateremshe pazia. Kidole chini, nikazungusha. Ilikuwa si mchezo, hata yeye alijua si mchezo, tulikuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Akalishika pazia akalivutia kushoto.

Mama akasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Mwewe akacheka akalirekebisha. Niliangalia mikono yangu yenye unga na nikafikiria mikono hiyo hiyo ikiwa ukingoni mwa jengo, na kitu kizito zaidi ya pazia kikiwa kwenye kamba.

"Tunaacha," nikamwambia. "Leo leo."

"Dada, mtihani ni wiki hii."

"Umeshajua. Kinachobaki ni kuua watu."

"Kule juu nakuwa mtu mwingine," akasema. "Nikishika vishikio kila kitu kinakaa mahali pake. Pazia si winchi." Alisema kwa upole, na nilitaka sana kumwamini. Tukaacha kucheza, au mimi niliacha. Yeye nilikuwa nikimwona amekaa peke yake, vidole vinazunguka mapajani.

Nikaenda kwa msimamizi. Nikamwomba siku ya mtihani Mwewe asipande winchi, apumzike, apande kesho yake. Sikumweleza yote, na ningemwelezaje? Kwamba nimemfundisha dereva wa winchi kushusha akiambiwa apandishe? Nilisema tu kichwa kitakuwa kimechoka.

"Mama Ishara," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "mtihani ni asubuhi, kazi ni baada ya mtihani. Mabamba ya ghorofa la pili yamechelewa tayari. Kama mtihani unamchosha mtu hivyo, huyo ndiye tunayemtafuta ashuke."

Nikarudi kazini. Ukichokoza nyuki, usilalamike kuumwa.

Siku ikafika. Mtihani ulifanyika kwenye ofisi yetu ya kontena. Alikuja bwana mmoja na kompyuta na sanduku la bati, akakusanya simu za wote, na redio za mkononi pia, hata ile yangu mimi nisiyefanya mtihani, ili mtu asisaidiwe kutoka nje. Akalifunga sanduku akatia ufunguo mfukoni. Nilimtazama Mwewe kupitia dirishani. Hakutapika. Alikuwa ameinama, midomo inacheza, na vidole vya mkono wa kushoto vinazunguka chini ya meza, juu, chini, kushoto, kulia. Aliandika haraka kuliko wenzake wote. Nilimwombea afaulu, na papo hapo nikaogopa dua yangu.

Alipotoka macho yalikuwa yanang'aa lakini hayaniangalii. "Mengi yalikuwa ya mafumbo," akasema. "Mengine yanasogea mbili, mengine yanarudi nyuma. Dada, nilikuwa nayaona tu." Nikamwuliza kama kichwa ni kizima, akasema kizima, na msimamizi akapiga kelele kutoka kwenye lori kwamba bamba linasubiri. Yule bwana wa mtihani alikuwa ameondoka na karatasi zake kwenda kusahihisha, na sanduku ameenda nalo. Kwa hiyo redio hatukuwa nazo. Msimamizi akasema, "Mikono ipo." Na kweli mikono ilikuwepo, kazi nyingi tumezifanya kwa mikono bila redio. Mwewe akapanda ngazi ya mnara. Nilimwangalia mpaka akawa mdogo.

Nikapanda ghorofa la pili nikasimama ukingoni. Mkono wa kushoto wa sakafu ile, kwenye kona, kando ya jukwaa la nondo, alikuwepo fundi mwashi mzee tunayemwita Timazi, kwa sababu hajawahi kuona ukuta ulionyooka isipokuwa wake, na mwenzake mmoja. Walikuwa wamechuchumaa wamenipa mgongo, wanaandaa udongo wa kuunganishia. Mkono wa kulia, nje ya jengo, ulikuwa uwanja wa mchanga usio na mtu. Chini mashine ya zege ilikuwa inanguruma, mtu akikupigia kelele sikioni huisikii.

Nikainua kidole nikazungusha. Bamba likaacha lori likapanda, taratibu, limenyooka vizuri. Nikapumua. Nikanyoosha mkono wa kushoto, likaja kushoto juu ya sakafu, likafika pale penye alama ya ukuta. Nikatandaza mikono, likasimama. Alikuwa Mwewe wangu yule yule, na nilijiona mjinga kwa siku zote nilizoteseka. Nilibakiza ishara moja tu. Kidole chini, nikazungusha. Shusha.

Bamba likaenda kushoto.

Kwanza nilidhani ni upepo. Upepo haukuwepo. Bamba lilikwenda kushoto kwa mwendo uliotulia kabisa, mwendo wa mtu anayejua anachofanya, mpaka likawa juu ya kona. Juu ya Timazi na mwenzake. Kivuli kikawafunika na wao hawakuinua kichwa, pengine walidhani ni wingu.

Nataka nieleze jinsi hofu ilivyo, maana watu huisema ovyo. Mate yalikauka na masikio yakaziba, ile mashine sikuisikia tena. Mkono wangu wa kulia ukaanza kunyanyuka wenyewe, kidole kikielekea juu, kwa kuwa mzigo ukiwa juu ya kichwa cha mtu kila mtoa ishara duniani atasema pandisha. Kidole kilikuwa kimefika usawa wa bega nilipokishika kwa mkono mwingine, ndiyo, nilikishika kama unavyomshika mtoto anayekimbilia barabarani. Kama yule aliye juu bado yuko kwenye mchezo, pandisha ni shusha.

Na kama ametoka? Hapo ndipo nilipotamani kulia. Sikujua ni Mwewe yupi aliyekaa kule. Wa zamani alikuwa amenitii ishara tatu, wa mafumbo amenijibu moja. Ishara ya tano ataisoma nani?

Kwa hiyo nilifanya mtihani wangu, bila meza. Pandisha, kama yuko mchezoni, inawaua. Shusha, kama ametoka, inawaua. Kushoto, kama ametoka, bamba linagonga jukwaa la nondo na jukwaa linawaangukia. Kulia, kama ametoka, linayumba na kurudi, na ukingo wake uko karibu na vichwa vyao. Simama. Kama ametoka, linasimama. Kama hajatoka, linapanda. Vyovyote vile wanaishi. Nilirudia mara ya pili kichwani kwa sababu sikujiamini, na kile kivuli kilikuwa bado kinatambaa mgongoni mwa mzee, kwenye shati lake lililotoboka begani.

Nikatandaza mikono yote miwili.

Bamba likapanda.

Nilishukuru na nikaogopa zaidi kwa wakati mmoja, kwa kuwa sasa nilijua. Likaendelea kupanda, na mtu aliyeambiwa simama kwa ishara iliyo wazi kuliko zote alikuwa analivuta kuelekea juu kwa utulivu kabisa. Kumsimamisha ilibidi nimpe kulia. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikijua kwamba kama amezinduka litakwenda tu juu ya mchanga. Likasimama. Lilibaki limening'inia, linazunguka polepole kwenye minyororo.

Nikakimbia kwenye kona nikamshika Timazi ukosi. "Shukeni chini. Mtoe kila mtu."

"Udongo utakauka," akasema.

"Na ukauke, fundi."

Aliangalia uso wangu, akainuka, na mwenzake nyuma yake.

Ile ngazi ya mnara sikuwahi kuipanda kabla. Nilipanda macho kwenye vyuma tu. Nilipofungua mlango wa kibanda Mwewe aligeuka akatabasamu. Alikuwa ametulia. Kifua chake kilipanda na kushuka vizuri, bila mlio hata kidogo.

"Dada, umekuja kunipongeza?"

"Toa mikono kwenye vishikio."

Akatoa. "Kuna nini?"

"Ishara yangu ya mwisho ilikuwa ipi?"

"Simama."

"Ilikuwa kulia, Mwewe."

"Hapana. Ulinipa simama, nikasimama."

"Nilinyoosha mkono wa kulia. Kabla ya hapo nikatandaza yote miwili, wewe ukapandisha. Kabla ya hapo nilikuambia shusha, ukalipeleka juu ya Timazi."

Alitazama nje. Aliliona bamba lilipo na akaona sakafu tupu chini yake. Nilimwona akihesabu kurudi nyuma, mkono kwa mkono, kama nilivyomfundisha. Rangi ikamtoka usoni. "Nilikuwa naona jibu," akasema. "Mkono siuoni, dada. Naona jibu."

Akaanza kulia, na mimi nikalia, tukiwa tumebanana kwenye kile kibanda kidogo na tani za zege zikitungoja. Kulikuwa hakuna mwingine wa kulishusha. Alisema hawezi, hajui tena shusha ni ipi. Nikamwambia asitazame chini, asikilize sauti yangu tu. Timazi, ambaye amekula chumvi nyingi kwenye majengo, alishaelewa kwamba kuna jambo, akawa amesimama kwenye mchanga akitoa ishara. Mimi niliitazama mikono yake nikamwambia Mwewe kwa mdomo, neno kwa neno: kulia, kulia, simama, shusha, polepole, shusha. Aliyafuata maneno yangu na macho ameyakaza kwenye vishikio. Bamba likalala mchangani. Shati langu ungelikamua.

Tulipofika chini tulimkuta bwana wa mtihani amerudi na sanduku lake, na msimamizi ana karatasi mkononi, ameng'ara kama bwana harusi.

"Mwewe, umeongoza wote," akasema. "Kwenye mafumbo hujakosa hata moja. Sasa mbona bamba liko mchangani? Panda ulirudishe, tumechelewa."

Mwewe akamwacha msimamizi na karatasi yake. Akanitazama. Nayajua macho ya mdogo wangu, niliyaona tangu yalipofunguka. Yalikuwa yananiomba ninyamaze. Yalikuwa yananionyesha stoo ya saruji pale nyuma ya msimamizi, mlango wazi, na vumbi limetanda kwenye jua. Kisha akageuka, akaishika ngazi, akapanda vipago viwili, akasubiri mimi niende kwenye nafasi yangu.

Nikaweka mikono mfukoni.

"Mama Ishara?" akasema msimamizi.

"Siinui mkono kwa ajili ya huyu."

"Kwa nini?"

"Hasomi tena ishara. Anazigeuza."

"Mtu aliyepata mafumbo yote?"

"Ndiyo maana," nikasema. Nikamweleza, mbele ya watu, birika na pazia na bamba, na kwamba mwalimu wake ni mimi. Msimamizi alinisikiliza huku akitazama karatasi, na nikaona karatasi imenishinda. Alama zilikuwa pale zimeandikwa, na mimi nilikuwa mwanamke anayetetemeka.

"Umechoka," akaniambia. "Nenda kapumzike. Timazi, unajua ishara, simama wewe."

Timazi akasogea ukingoni mwa mchanga akaangalia juu kwenye ngazi. Mwewe akapanda kipago cha tatu. Mzee akainua mkono wake wenye udongo mkavu, na mimi nikamwambia, taratibu, kwa kuwa nguvu za kupaza sauti sikuwa nazo, "Fundi, kile kivuli mgongoni mwako hakikuwa wingu."

Mkono wake ukabaki hewani. Aliutazama, akamtazama Mwewe, halafu akaushusha akaupangusa kwenye suruali. "Mimi sina ishara leo," akasema. Msimamizi akatafuta mwingine wa kumtuma, na kila aliyemtazama akaangalia pembeni. Winchi haiendi bila mkono wa mtu. Mwewe akateremka, kipago kwa kipago, akapita mbele yangu bila kunigusa.

Sasa yuko stoo ya saruji, amefunga kitambaa mdomoni na puani. Kiti chake anakalia mgeni kutoka kampuni nyingine. Kikohozi kimerudi. Mama ameanza tena kuegemea ule mlango na mimi hanilaumu, jambo ambalo ni zito kuliko kulaumiwa.

Juzi tulikuwa tunakula, kila mtu anajichotea chumvi mwenyewe. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Najua kwamba hata ningenyamaza, wewe mwenyewe usingepanda."

Alikohoa kwanza, muda mrefu, mama akamsugua mgongo. Halafu akaweka kijiko chini akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ningepanda, dada," akasema. "Nilikuwa najua siwezi kusoma mkono wa mtu yeyote. Na Timazi asingeushusha ule mkono, ningepanda."